Prado haliwaki asubuhi na halivuti kwenye resi ndogo: fungua kava la mkanda kabla hujanunua pampu

SWALI: Nina Prado ya mwaka 1998, injini 1KZ, gia otomatiki, naishi Uyole, Mbeya. Tangu Mei gari haliwaki asubuhi mpaka nipige starta mara nne au tano. Likiwaka linatoa moshi mweupe unaochoma macho, linatetemeka dakika mbili tatu, halafu linatulia. Likishapata moto, siku nzima linawaka mara moja tu. Shida ya pili ni kuondoka. Nikitoka Inyala kupanda Mlima Nyoka halivuti kabisa mpaka resi zipite 2,000, hapo linafunguka kama kawaida yake. Moshi mweusi sioni. Nikishuka Kyela linawaka vizuri hata asubuhi. Nimeweka betri mpya, filta ya dizeli na ya hewa, na mkanda wa taimingi nilibadilisha mwezi wa pili. Fundi mmoja anasema pampu imekufa, mwingine anasema ni ovahoo, yaani kufungua injini nzima na kuifufua. Pesa ya yote mawili sina. Nianzie wapi?

JIBU: Kaka, pampu usinunue kwa sasa. Na ovahoo usikubali kabla mtu hajakuwekea geji ya kupima mbano wa silinda ukaona namba kwa macho yako. Maelezo yako yamejitosheleza kuliko ya wateja wengi wanaofika gereji, na ndani yake kuna sentensi moja umeipita haraka: mkanda wa taimingi ulibadilishwa mwezi wa pili. Shida ya kuwaka imeanza Mei, baridi ilipoingia. Kabla hujaendelea kusoma, jiulize jambo moja. Ule uzito wa kuondoka ulianza Mei, au ulikuwepo tangu Februari ukaufikiria ni mafuta mabaya au mzigo? Jibu lake lina thamani kuliko kipimo chochote nitakachokutajia hapa chini.

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Inawasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa. Kwenye 1KZ hewa hubanwa karibu mara 21, ikabanwa hivyo inapata joto la kutosha kuwasha dizeli inayorushwa na nozeli. Yanatakiwa mambo matatu kwa pamoja: joto, mbano, na dizeli inayofika kwa wakati wake. Asubuhi ya Juni au Julai Uyole, chuma cha injini kimelala kwenye baridi ya chini ya nyuzi 10, kwa hiyo kinanyonya joto la hewa kabla dizeli haijafika. Starta nayo inazungusha injini taratibu, mizunguko 200 hivi kwa dakika, na kadiri inavyozunguka taratibu ndivyo hewa inavyopata muda wa kuchuruzika kwenye ringi na valvu. Ongeza na mwinuko. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari na Uyole iko juu kidogo ya hapo. Shinikizo la hewa huku limepungua karibu moja ya tano likilinganishwa na Dar es Salaam, na ukipanda Kitulo limepungua zaidi ya robo. Injini inaanza kubana ikiwa na hewa pungufu tayari.

Sasa angalia shida yako ya pili kwa jicho hilohilo. Chini ya resi 2,000 tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, bado haijaanza kusukuma hewa ya maana, kwa hiyo injini inaishi kwa pumzi yake yenyewe. Kama mbano unavuja, unavuja zaidi hapo, kwa sababu muda wa kuvuja ni mrefu. Kama dizeli inachelewa kurushwa, inaumiza zaidi hapo, kwa sababu kifaa kinachowahisha mrusho ndani ya pampu kinasukumwa na shinikizo la dizeli ya ndani ya pampu, na shinikizo hilo hupanda kwa resi. Kwenye 1KZ kompyuta ndiyo inayoamuru mrusho uwahi au uchelewe kupitia valvu ya umeme, lakini haiwezi kuamuru shinikizo ambalo halipo. Resi zikipanda, tabo inaamka, shinikizo la pampu linapanda, kompyuta inafidia, na kosa linafichika. Ndiyo maana unasema "linafunguka".

Kwa hiyo mimi sioni magonjwa mawili. Naona injini inayoshindwa kila inapozunguka taratibu, iwe kwa starta alfajiri au kwenye gia mlimani. Mpaka kipimo kinioneshe vinginevyo, nitatafuta chanzo kimoja kinachobeba dalili zote mbili, na vyanzo vya namna hiyo ni vichache: taimingi iliyochelewa, au mbano uliopungua. Plagi za hita zilizokufa hubeba ile ya asubuhi tu, haziwezi kukunyima nguvu Mlima Nyoka injini ikiwa ya moto.

Kwa nini naitoa pampu mwanzoni? Pampu ya aina hii ikichakaa, kichwa chake kinachosukuma dizeli hupata nafasi ndogo pembeni. Dizeli baridi ni nzito kidogo, inaziba ile nafasi. Dizeli ya moto ni nyepesi, inapenya. Gari lenye pampu iliyochoka mara nyingi huwaka asubuhi bila shida, halafu linakugomea saa nane mchana umesimama kununua viazi pale Igawilo. La kwako ni kinyume chake kabisa. Tena unasema moshi mweupe unatoka. Ule moshi unaochoma macho ni dizeli iliyofika kwenye silinda ikapashwa bila kuungua. Maana yake pampu inaleta. Ungekuwa unapiga starta na bomba la moshi liko kavu, hapo ningekuwa naongea habari nyingine.

Filta nazo zinakuunga mkono. Filta ya dizeli iliyoziba hukunyima nguvu juu, pale injini inapotaka mafuta mengi, na filta ya hewa vilevile. Wewe unakosa chini na kupata juu. Hela ya filta haikupotea, ila haikuwa dawa ya ugonjwa huu.

Haya, tuanze na kisicho na gharama. Nyumbani kwako, kama ilivyo nyumba nyingi za Uyole, naamini kuna mteremko. Usiku wa kwanza liegeshe gari pua ikiangalia juu. Usiku wa pili liegeshe pua ikiangalia chini, tenki liwe juu ya injini. Pua ikiwa juu, kama kuna mpira wa dizeli unaovuta hewa kidogo tu, mafuta yote yanarudi tenkini usiku na pampu inaamkia hewa. Pua ikiwa chini, dizeli inabaki mbele. Ukiona tofauti kubwa kati ya asubuhi hizo mbili, tatizo lako ni hewa kwenye njia ya mafuta, na utalitafuta kwenye vifungo vya mipira, kwenye oringi ya filta mpya uliyofunga, na kwenye ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta, ambayo kiwambo chake hupasuka kwa uzee. Njia nyingine ya kuhakikisha: kabla hujageuza ufunguo, bonyeza pampu hiyo ya mkono mpaka iwe ngumu, ndipo upige starta. Likiwaka mara moja, umeshamkamata mwizi. Fundi makini atakata mpira kati ya filta na pampu na kuunganisha kipande cha mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, muangalie kama kuna mapovu. Kwa dalili zako sitegemei mapovu, lakini kipimo cha bure hakirukwi.

Plagi za hita zinahitaji umakini zaidi, kwa sababu hapo ndipo watu wanadanganywa na taa. Ile taa ya rangi ya chungwa yenye umbo la springi kwenye dashibodi haipimi plagi. Inaendeshwa na kompyuta kwa kufuata joto la maji ya injini, na itawaka na kuzima vizuri kabisa hata kama plagi zote nne zimekufa. Zaidi ya hapo, plagi huendelea kupashwa baada ya taa kuzima na hata baada ya injini kuwaka, ili kumaliza ule mtetemo na moshi. Injini yako inatetemeka dakika mbili tatu kisha inatulia. Huo ndio mwendo wa silinda moja au mbili zinazoamka kwa kuchelewa, na mimi ningeshangaa plagi zako zote nne zikikutwa nzima.

Jaribio la awali: geuza ufunguo, subiri taa izime, rudisha, rudia mara tatu, halafu ndiyo upige starta. Likiwaka kwa urahisi zaidi, joto la plagi halitoshi. Kisha fungua lile bamba linalounganisha vichwa vya plagi zote nne. Ni lazima ulitoe, maana likiwa limefungwa plagi zote zinasomeka kama moja na nzima inaificha iliyokufa. Pima kila plagi kwa mita, kutoka kichwani hadi kwenye chuma cha injini. Nzima husoma upinzani mdogo sana, kwa kawaida chini ya omu 2. Iliyokufa haisomi kitu. Kama hakuna mita, taa ya testa iliyofungwa chanya ya betri inatosha: gusa kichwa cha plagi, ikiwaka waya wa ndani haujakatika. Kinachotosheleza zaidi ni mita ya kubana waya inayosoma ampea, kwa sababu plagi nzima huvuta umeme mwingi mwanzoni kisha hupungua inapopata moto, na iliyochoka utaiona inavuta pungufu ya wenzake ingawa waya haujakatika.

Naomba sana usimruhusu mtu azichomoe na kuzigusisha moja kwa moja kwenye betri ili "zionekane zikiwa nyekundu" bila kusoma maandishi yaliyopo ubavuni. Baadhi ya plagi za Toyota za zamani zimetengenezwa kwa volti za chini ya 12, zikipewa betri nzima zinavimba ncha na kuharibika palepale. Na wakati wa kuzichomoa, injini iwe ya uvuguvugu, pakwe mafuta ya kulegeza kutu, na spana isilazimishwe. Plagi iliyovimba ikikatikia ndani, kazi ya nusu saa inageuka kuwa kazi ya kushusha silinda hedi. Hakikisha pia umeme unafika kwenye lile bamba ufunguo ukiwa umegeuzwa. Kama haufiki, ni rilei, fyuzi au waya, na plagi hazina kosa. Kama muda wa taa kuwaka asubuhi ya baridi ni mfupi kama wa mchana, sensa ya joto la maji inaidanganya kompyuta kwamba injini ni ya moto.

Betri mpya umeweka, vizuri. Lakini Prado nyingi za 1KZ zilitoka Japani na betri mbili zilizoungwa sambamba, na huku nyingi hubakizwa na moja. Angalia upande wa pili wa boneti kama kuna kitako kitupu. Betri moja nzuri inaweza kutosha, sharti starta izungushe kwa kasi. Pima volti wakati starta inazungusha: zikishuka chini ya 9.6, betri, nyaya au starta yenyewe haijakaa sawa. Waya wa ethi kutoka injini kwenda bodi hupuuzwa sana, nao ukiwa na kutu unakula nguvu yote. Oili pia ina sehemu yake. Oili nzito ya namba moja, ile SAE 40 wanayoipenda madereva wa malori ya bondeni, alfajiri ya Uyole inakuwa kama uji wa jana. Weka 15W-40 na starta itakushukuru.

Sasa tufike kwenye mkanda.

Kwenye 1KZ mkanda wa taimingi unazungusha kamshafti, yaani mhimili unaofungua valvu, kwa kufuata mwendo wa krenki, mhimili mkuu wa injini; pampu ya dizeli yenyewe inazungushwa na gia za mbele. Ukifungwa jino moja nje kwenye kamshafti, valvu za kuingiza hewa zinachelewa kufunga, na sehemu ya hewa inarudi ilikotoka kabla haijabanwa. Kosa hilo haligongi, haliwashi taa, na gari linaondoka gereji likiwa linatembea. Kukiwa na joto huwezi kuligundua kirahisi. Mwezi wa pili hadi wa nne Mbeya kuna mvua lakini usiku hauna baridi kali, kwa hiyo injini ilipita. Mei ikafika, na baridi ikalitoa nje. Taimingi iliyochelewa inaleta nini? Moshi mweupe wa dizeli mbichi wakati wa baridi, uvivu kwenye resi za chini, na hakuna moshi mweusi wa maana. Ni maelezo yako, neno kwa neno.

Simlaumu aliyefunga. Alama za injini hii zinahitaji mwanga na subira, puli ya kamshafti ina upinzani wa springi za valvu na hupenda kuruka jino ukiachia mkono kabla mkanda haujakazwa. Ila kazi hii ina hatua ya mwisho ambayo haitakiwi kurukwa, na ndiyo utakayomwomba fundi aifanye ukiwepo. Fungua kava la mkanda. Zungusha krenki kwa mkono, kwa spana kwenye boliti ya puli, kwa upande ambao injini huzungukia, mpaka alama ya krenki ikae mahali pake. Kisha angalia alama ya puli ya kamshafti na alama ya puli ya chini inayouzungusha mkanda. Zote tatu lazima ziangalie alama zake kwa wakati mmoja. Zisipokaa, zungusha krenki mzunguko mmoja zaidi, maana kamshafti huzunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili. Bado hazikai? Umeupata ugonjwa. Zikikaa, zungusha mizunguko mingine miwili kamili na uangalie tena, kwani mkanda uliolegea hukaa vizuri mara ya kwanza na kuhama ya pili. Piga picha kwa simu yako, alama zote tatu zionekane.

Usizungushe kwa starta kufanya kazi hii, na usirudishe krenki nyuma kwa nguvu. Hii ni injini ambayo mkanda ukikatika au ukiruka meno mengi, valvu zinagonga pistoni.

Kuna sehemu ya pili ya taimingi ambayo wengi huisahau. Pampu imefungwa kwenye injini kwa flanji yenye matundu marefu kidogo, hivyo inaweza kusogezwa kwa kuilegeza na kuizungusha. Pembeni kuna alama mbili, moja kwenye flanji ya pampu na nyingine kwenye nyumba ya gia za mbele, ambazo kiwandani zilikaa uso kwa uso. Kama pampu iliwahi kutolewa, na alama hizo zimeachana hata kwa milimita moja mbili, mrusho umehama. Mwulize aliyekuuzia gari. Kusogeza pampu kwa kusikiliza mlio, huku injini inaunguruma na fundi anatikisa kichwa, ni kazi isiyokuwa na uthibitisho. Inaweza kukupa kuwaka vizuri na kukupasulia silinda hedi baada ya miezi kwa mrusho uliowahi kupita kiasi.

Alama zikikutwa sawa, plagi zikiwa zimetolewa tayari, pima mbano papo hapo, kwa sababu geji ya dizeli inafungwa kwenye matundu yaleyale ya plagi. Betri iwe imejaa, valvu ya mafuta ya pampu ichomolewe umeme, na kila silinda izungushwe mara zilezile. Vitabu vya Toyota vya 1KZ vinataja takriban bar 36 kwa injini nzima, kima cha chini karibu 20, na tofauti kati ya silinda isizidi 5. Lakini namba hizo hazikuandikwa Uyole. Kwa hewa yetu pungufu, injini nzima kabisa inaweza kukusomea 29 au 30, na nimeona watu wakiambiwa "injini imekwisha" kwa sababu ya namba hiyo. Haijaisha. Cha kuangalia zaidi ni usawa. Silinda tatu zikisoma 29 na moja ikasoma 20, hiyo moja ndiyo inayotetemesha gari asubuhi. Tia oili kijiko kimoja ndani yake upime tena. Ikipanda sana, ringi zinavuja. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya silinda hedi. Na kabla ya kushusha hedi, pima nafasi za valvu. Valvu zinapozama kwenye viti vyake kwa miaka, nafasi inaisha, valvu haifungi sawasawa, na mbano unatoroka hasa injini inapozunguka taratibu. Kubadilisha shimu, vile visahani vinavyopanga nafasi ya valvu, ni kazi ndogo sana ukilinganisha na ovahoo. Zote nne zikisoma chini ya 20 na starta inazungusha kwa kasi, hapo fundi wako wa pili atakuwa na hoja na mtaongea naye vizuri.

Kwa kuwa ni 1KZ, niseme neno kuhusu silinda hedi. Injini hizi zinajulikana kwa kupasuka hedi, hasa zikiwahi kuchemsha kwenye mlima kama Kitonga. Moshi mweupe wa maji hauchomi macho kama wa dizeli, una harufu ya utamu wa kulenti, ile dawa ya maji ya rejeta, na hauondoki injini ikipata moto. Wako unaondoka, kwa hiyo sina wasiwasi mkubwa. Hata hivyo angalia maji ya rejeta asubuhi kwa wiki nzima kama yanapungua, na kama kuna mapovu injini inapounguruma na kifuniko kikiwa wazi. Kifungue ikiwa ya baridi tu.

Upande wa hewa nitapita haraka, kwa kuwa husemi moshi mweusi. Valvu ya EGR ikiganda wazi kwa masizi, moshi uliokwisha kuungua unarudi ndani ya injini, gari linakosa pumzi chini, na moshi mweusi unatoka ukikanyaga mafuta. Kujua, chomoa mpira wake wa vakyumu, uzibe kwa boliti ndogo, panda mlima uleule. Mpira wa hewa unaotoka kwenye tabo nao kagua kwa chini ambako hakuonekani kirahisi. Ukipasuka utaona alama ya oili yenye vumbi na utasikia mluzi. Ni vitu vya asubuhi moja. Na kwa gari la otomatiki, kama baada ya kila kitu injini iko sawa ikiwa imesimama lakini bado kuondoka ni kuzito na resi zinagoma kupanda ukikanyaga, mtafute fundi wa gia akuangalizie konveta, kile kiungo cha mafuta kati ya injini na gia, maana ndani yake kuna kiungo cha kuzunguka upande mmoja ambacho kikifa huleta uvivu huohuo.

Nozeli ziko kundi la kati. Nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza huleta moshi mweupe na kugonga kwenye silinda moja. Injini ikiwa inatetemeka asubuhi, fundi analegeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine. Ile ambayo ukiilegeza hakuna kinachobadilika, silinda yake ndiyo haifanyi kazi. Hili ni kwa injini za pampu ya zamani kama yako tu. Wenye Hilux za D-4D na nyingine za komoni reli, ambako bomba moja la shinikizo hulisha injekta zote, wanaosoma hapa, msiguse nati hizo injini ikiunguruma. Ndani mna shinikizo linaloweza kuzidi bar 1,000, dizeli inapenya ngozi na kuingia mwilini, na mtu anaweza kupoteza mkono. Kwenu kipimo ni kingine: kompyuta ya kusoma shinikizo la reli wakati wa starta, na kupima mafuta yanayorudishwa na kila injekta kwenye vichupa. Injekta inayorudisha mengi inalinyima reli shinikizo, na kompyuta haitaruhusu mrusho mpaka shinikizo lifike.

Wakati unasubiri kutengeneza, usipulizie ile dawa ya kuwashia ya kopo wala kuweka kitambaa chenye petroli kwenye mdomo wa hewa. Plagi za hita zikiwa za moto, mvuke ule unalipuka kabla pistoni haijafika juu, na ringi zinavunjika. Jiko la mkaa chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, pia acha. Nimeona likifanywa Makete na Njombe, na chini ya gari lenye oili na dizeli iliyochuruzika moto hauombi ruhusa. Tumia ule utaratibu wa kupasha mara tatu, starta isizidi sekunde 15, ipumzike dakika moja ndipo urudie.

Kuhusu Kyela: ule ushahidi ni mzuri lakini usiubebeshe zaidi ya uzito wake. Kyela ni chini sana, joto lipo hata usiku na hewa ni nzito, hivyo kila injini ya dizeli yenye udhaifu huamka vizuri kule. Inathibitisha kwamba umeme na dizeli vinafika. Haithibitishi kwamba taimingi ni sawa.

Ratiba yangu kwako ni hii. Wiki hii fanya jaribio la mteremko na la pampu ya mkono, mwenyewe, bila fundi. Jumamosi lipeleke gari kwa fundi mwenye mita na geji ya dizeli, siku hiyohiyo apime plagi moja moja, afungue kava la mkanda uone alama tatu, na apime mbano kabla plagi mpya hazijaingia. Plagi zilizokufa badilisha zote nne pamoja, za namba ileile iliyoandikwa kwenye za zamani. Kama mkanda uko nje kwa jino, urudishwe na aliyeufunga bila malipo. Ikiwa alama ni sawa, mbano ni sawa, plagi ni mpya, hakuna hewa kwenye mafuta, na bado gari linasumbua, hapo ndipo pampu na nozeli ziende kwenye mashine ya kupimia. Omba uwepo wakati ikizungushwa kwa mwendo wa starta, uone vichupa vya silinda zote nne vinavyojaa, na uandikiwe kiasi cha kila kimoja kabla ya mtu yeyote kufungua skrubu hata moja.